Tumjue Utitiri wa Maji

Tukichota maji ya bwawa hapa Kariandusi, pengine tutaona kadudu kekundu, kadogo kama kichwa cha pini, kakiogelea. Wengine husema: "Huyo ni kupe wa maji, mtilieni dawa ya josho!" Hapana! Dawa hiyo ni sumu kwetu na kwa mifugo.

Tuhesabu miguu. Mdudu wa kawaida ana 6. Utitiri mzima ana 8, kwa hivyo ni wa ukoo wa buibui na kupe. Mtoto wake ana 6 tu, tusidanganyike. Buibui ana kiuno. Utitiri hana, mwili wake ni kidonge kimoja.

Jenasi moja ni Arrenurus. Ngozi yake ni ngumu kama gamba, na madume wengi wana mkia. Watoto wake hunyonya kereng'ende na mbu, sio watu.

Basi anayetuharisha sio huyu. Ni vijidudu tusivyoviona. Tuchuje maji kwa kitambaa safi, halafu tuyachemshe.

Tujadiliane: Katika kikundi chetu, nani hunywa maji ya bwawa bila kuchemsha? Kwa nini?