Kidonda kimepona, lakini mkono je?

Ndugu mfanyakazi, jiwe limekubana vidole, ukapelekwa hospitali ya Kindu, munganga akakushona. Nyuzi zimetolewa, unarudi kwako Kalima. Jirani wote wanasema: umepona! Lakini ukitaka kufunga kifungo cha shati, vidole vinakataa. Ukishika nyundo, inaponyoka. Hapo inaanza kazi ya pili, na wengi wetu hatuijui.

Mkono una mifupa 27. Juu yake zinapita kano, ni kusema kamba zinazovuta vidole. Mkono uliovimba na kukaa bure unakauka kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Mtu anayeufundisha kurudia kazi anaitwa munganga wa ergoterapia. Ndugu yake wa kinezi ananyoosha viungo na kutia misuli nguvu. Yeye anauliza: unafanya kazi gani kila siku, na mkono huu utaifanya namna gani? Anafikiri sululu na burueti, lakini vilevile kula, kuoga, kubeba mtoto.

Wanganga wa namna hii ni wachache sana katika Kongo yetu. Tena njia ni ndefu. Anayetoka Kalima anapanda moto kama kilomita 100, anafika Alunguli, kisha avuke Lualaba ndipo aingie mjini. Mkono uliovimba unatikiswa njia nzima. Kwa hiyo mgonjwa anakuja mara moja, harudi tena, na kazi yake inapotea.

Telefone inaweza kusaidia hapo. Wazee wanakumbuka fonia, namna dispansere ya mbali ilivyoita munganga na kuomba shauri. Mawazo ni yaleyale. Mwaka 2014 Shirikisho la Dunia la ergoterapia, lililoanzishwa mwaka 1952, lilitangaza kwamba kazi hii inaweza kufanywa kwa mbali, lakini sherti iwe na ubora uleule wa uso kwa uso. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga njia, wengi katika dunia walijifunza hivyo kwa lazima.

Basi, kabla ya kutoka hospitali, uliza: nani atafuata mkono wangu, kwa namba gani, siku gani, saa ngapi? Mara ya kwanza sherti munganga auguse mkono wako mwenyewe. Telefone haina vidole.

Siku ya kuongea, kaa mahali penye mwangaza, uso kwenye dirisha. Ukiipa dirisha mgongo, munganga ataona kivuli tu. Usishike telefone kwa mkono mzima. Iegemeze kwenye chupa juu ya meza, ao bibi yako aishike. Kunja mikono ya shati na uonyeshe mikono yote miwili pamoja, mgonjwa na mzima, mbele na nyuma. Halafu jaribu kufunga ngumi. Chukua rula ya mtoto wa shule, pima kutoka ncha ya kidole mpaka kiganja: sentimita ngapi zinabaki? Andika katika kaye pamoja na tarehe. Juma hili 4, juma lijalo 3: hiyo ni habari nzuri. Ikibaki 4 majuma mawili, usifiche, mwambie munganga abadilishe mazoezi.

Rezo ni mbaya? Piga picha mchana, itume usiku rezo ikitulia. Na kama telefone yako ni ndogo, ya kuongea tu, isikuzuie. Munganga akiuliza, «Unaweza kufunga kifungo? Kuinua sahani iliyojaa? Kushika ndoo?», jibu kweli. Wanaume wanapenda kusema «hakuna shida» wakati shida ipo. Afadhali bibi akae karibu asikie majibu.

Onyesha pia vyombo vya kazi. Munganga akiona mpini mwembamba wa nyundo yako, anaweza kukuambia uuzungushie mpira wa ndani wa tairi ya kinga uwe mnene, maana mkono dhaifu unashika kitu kinene kwa urahisi zaidi. Na mazoezi mengi yapo nyumbani, hayataki mashini: kumenya kalanga, kuchambua mchele, kukamua nguo, kutoa majani ya sombe kwenye vijiti. Mwanaume akichuma sombe, watoto wasicheke. Hiyo ni dawa yake. Lakini kila zoezi lianze munganga akisema. Kano iliyoshonwa ni dhaifu sana majuma ya kwanza. Ukiivuta mapema itakatika. Kazi nzito kwa kawaida inangoja kama majuma 12, hata kama kapita anakuita na wewe mwenyewe unajisikia mzima.

Angalia mambo ambayo telefone haiwezi. Mkono ukiwaka moto na kuwa mwekundu, usaha ukitoka, homa ikikushika, kidole kikiwa baridi na cheusi ao kikifa ganzi, ao kibao kikikubana mpaka maumivu yazidi, usingoje saa ya kuongea. Nenda dispansere siku hiyohiyo. Tena usijitengenezee kibao kipya kwa kufuata picha.

Picha za mwili wako ni za munganga, si za kundi la marafiki. Ongea mahali watu hawapiti. Na mazungumzo ya telefone hayachukui nafasi ya karatasi. Ajali ya kazi sherti itangazwe kwa mwajiri, na hati ya munganga iwekwe vizuri kwa ajili ya CNSS, kasha iliyochukua nafasi ya INSS. Mkono usiporudi sawa, karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa ajili ya watoto wako.

Jambo moja dogo tena: inite. Patana na munganga mapema nani atapiga, na rezo ikikatika nani atarudilia. Jaza batri tangu jana yake. Weka mezani rula, kaye, sahani, nyundo na shati lenye vifungo, kisha ngoja saa mliyopatana.