Juma Moja Katika Kijiji cha Laxton

Watu wengi hudhani kwamba kila mkulima wa Uingereza huishi peke yake katikati ya shamba lake, nalo shamba limezungushiwa ua pande zote. Kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo jambo hili ni kweli, lakini halikuwa kweli tangu mwanzo. Zamani, katika vijiji vingi vya Uingereza ya kati, wakulima walilima pamoja katika mashamba makubwa yasiyo na ua, kila mmoja akiwa na vipande vyake hapa na pale. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuyagawa mashamba ya namna hiyo na kuyazungushia ua. Hivyo desturi ile ya kale ikatoweka karibu kila mahali.

Kijiji cha Laxton, katika jimbo la Nottinghamshire, ni kimoja cha vile vichache sana ambavyo desturi hiyo haikufa. Atakaye kujua jinsi majirani wanavyoweza kulima bega kwa bega bila ua wala ugomvi, na akitazame kijiji hiki kwa juma moja tu, yaani lile linaloanza Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Novemba.

Mashamba matatu

Nyumba za wakulima wa Laxton hazikutawanyika mashambani. Zimepangana kando ya barabara ya kijiji, pamoja na ghala zao za matofali, na kila mtu hutoka kwake kwenda kulima. Nje ya kijiji yako mashamba matatu makubwa: West Field, Mill Field na South Field. Kila mkulima ana vipande katika mashamba hayo, na vipande hivyo havikukaa mahali pamoja. Maana ya kuvitawanya ni kwamba asiwepo mtu wa kupata udongo mzuri peke yake, wala wa kuachiwa mbaya peke yake.

Mazao huenda kwa zamu. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi. La pili hupandwa mazao ya masika, kama vile shayiri au maharagwe. La tatu hupumzishwa au huachiwa majani ya mifugo. Mwaka unaofuata zamu hugeuka.

Kati ya vipande zimo njia za majani ambazo wakulima wote huzitumia. Yako pia mabonde madogo ya majimaji yasiyofaa kulimwa, na majani yake hupigwa mnada kila mwaka wakati wa kiangazi. Njia hizo na mabonde hayo ni mali ya matumizi ya wote, na hapo ndipo kwenye hatari. Mtu aendeshaye plau anaweza kula mfuo mmoja wa njia, labda kwa kusahau, labda kwa tamaa. Mwaka huu mfuo mmoja, zamu ijayo mwingine, na mwisho wake jirani aliye mbele hana pa kupitisha trekta lake. Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Alhamisi ya kwanza

Siku hiyo hukusanyika watu wa juri, yaani wakulima 12 waliochaguliwa na kuapishwa mwaka uliotangulia. Wao si maofisa waliotumwa kutoka mjini, bali ni watu wa Laxton, wenye kuijua ardhi hiyo kwa miguu yao.

Hupanda tela linalovutwa na trekta, wakaenda hadi lile shamba lililopandwa ngano. Wakati huo ngano huwa imekwisha kuchomoza, na baridi ni kali. Jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, na yapata saa kumi jioni limekwisha kuchwa; kwa hiyo hawana muda wa kupoteza. Huzunguka ukingo kwa ukingo, wakitazama kama plau ya mtu imeingia katika njia au katika bonde la majani. Mahali ambapo mpaka hauonekani vizuri hupigilia vigingi. Wakiona kosa, huliandika pamoja na jina la mwenye kipande. Kosa likiwa la mmoja wao wenyewe, huandikwa vile vile.

Katikati ya kazi hiyo hula chakula cha mchana pamoja katika nyumba ya wageni ya kijijini, iitwayo Dovecote Inn.

Siku za katikati

Baada ya hapo hupita siku sita za kawaida. Mifugo hulishwa, vyombo hutengenezwa, na Jumapili kengele ya kanisa la Mtakatifu Michael huita watu. Aliyeandikwa na aliyemwandika hukutana njiani, wakasalimiana. Mwenye kosa anaweza kwenda kipandeni kwake akakiangalia kigingi kwa macho yake mwenyewe. Kigingi hakisemi uongo, wala hakina chuki na mtu.

Alhamisi ya pili

Juma likitimia, mahakama ya kijiji hukutana pale pale Dovecote Inn. Juri husoma yaliyoonekana, na waliovuka mpaka hutozwa faini. Faini hizo ni ndogo, wala hazimfilisi mtu. Uzito wake uko katika kutajwa mbele ya majirani. Kisha huapishwa juri wa shamba litakalopandwa ngano mwaka unaofuata, na kazi huanza upya. Anayehukumu leo anaweza kuwa ndiye anayehukumiwa kesho. Kwa sababu hiyo kila mmoja hujitahidi kuwa mwadilifu.

Mahakama hii si mchezo wa kuwafurahisha wageni. Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1977 ya kuondoa mamlaka ya mahakama nyingi za kale, ile ya Laxton iliachiwa kazi yake. Wenye ardhi nao wamebadilika mara kadhaa. Earl Manvers, bwana wa milki ya Thoresby, aliiuza kwa Wizara ya Kilimo mwaka 1952 ili utaratibu huo usife. Mwaka 1981 ikapita mikononi mwa idara isimamiayo ardhi ya Taji, na mwaka 2020 ikarudi kwa milki ya Thoresby. Katika mabadiliko hayo yote, juri hawakuacha kwenda shambani na vigingi vyao.

Fundisho lake

Ramani ya Laxton iliyochorwa mwaka 1635 ipo hata leo, nayo yaonyesha mashamba haya kipande kwa kipande. Lakini ramani hukaa sandukuni, na plau hupita shambani. Kilichoihifadhi mipaka ya Laxton kwa muda wa karne nyingi ni majirani wanaoitembelea kila mwaka, wakaona kosa lingali mfuo mmoja, wakalisema waziwazi, kisha wakaketi kula pamoja.