Kaolini na Bentonaiti: Muundo wa Udongo na Tabia Zake

Mfinyanzi huupima udongo kwa vidole. Mwanakemia huuliza jinsi matabaka yake yalivyopangwa. Udongo wa aina mbili, ulioundwa hasa kwa silikoni, alumini, oksijeni na haidrojeni, waweza kutofautiana hata mmoja ukafaa kwa vikombe na mwingine ukapasua kuta za nyumba.

Kaolini ilipata jina lake kutokana na Gaoling, karibu na Jingdezhen nchini China. Tanzania inayo katika vilima vya Pugu, kusini-magharibi ya Dar es Salaam. Huko imeshikamana na mchanga, kwa hiyo sharti mwamba upondwe na kuoshwa kwanza. Madini yake makuu ni kaolinaiti, Al₂Si₂O₅(OH)₄: kwa uzani, silika asilimia 46.5, alumina 39.5 na maji 14. Kila tabaka ni bamba moja la silika lililoungana na bamba moja la alumina. Haidroksili za tabaka moja huzishika oksijeni za tabaka jirani, na maji hayapati upenyo. Kwa sababu hiyo kaolini huvimba kidogo tu, nayo hutumika katika karatasi, rangi na vyombo vya kauri.

Maji hayo ya asilimia 14 si yale yanayokauka juani. Ni haidroksili zilizomo ndani ya madini yenyewe, na hutoka katika joto la nyuzi 450 hadi 600 za sentigradi. Zikiisha kutoka, chungu hakirudi kuwa tope hata kikilowekwa mwaka mzima. Joto likipita nyuzi 1,000 huanza kuumbika mullaiti, fuwele ambazo huipa kauri uimara wake.

Katika bentonaiti, ambayo madini yake makuu ni montimorilonaiti, bamba la alumina limebanwa kati ya mabamba mawili ya silika. Mahali pengine alumini (Al³⁺) imeachia nafasi magnesiamu (Mg²⁺), hivyo tabaka hubaki na chaji hasi. Ayoni za sodiamu au kalsiamu hukaa kati ya matabaka kuisawazisha chaji hiyo, nazo huvuta maji. Matabaka husukumana na udongo ukafura. Wachimbaji wa visima huipenda tabia hii, kwani tope la bentonaiti huzuia kuta za kisima zisiporomoke. Lakini madini ya jamii hiyo hiyo yamo katika udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na hapo mwashi hana la kushukuru.

Shuleni jambo hili lajaribika kwa urahisi. Udongo mweusi ukaushwe, usagwe na kuchekechwa. Gramu 10 zitiwe katika silinda ya kupimia yenye maji, na gramu 10 nyingine katika silinda yenye mafuta ya taa, ambayo molekuli zake hazivutwi na ayoni hizo. Baada ya saa 24 ujazo wa udongo usomwe katika kila silinda. Ulio majini ukizidi sana ule wa mafutani, kiwanja ulikotoka kisichimbiwe msingi mfupi kabla ya mhandisi kukipima.