SOMO LA VITABU: Thamani ya Vifaa Vilivyookolewa katika Ujenzi

Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012. Chama cha msingi kinapobomoa ghala lake kuukuu mjini humo ili kujenga jipya, katibu hukabiliwa na swali: matofali, mbao na mabati yaliyookolewa yaandikweje vitabuni, maadamu hayakununuliwa?

Wako makatibu wanaoandika sifuri. Wapimaji wa majengo yanayohifadhi mazingira hawakubaliani nao. Katika mpango wa LEED wa Marekani, toleo la mwaka 2009, vifaa vilivyookolewa vilipofikia asilimia 5 ya thamani ya vifaa vyote, jengo lilipata alama 1. Vilipofikia asilimia 10, alama 2. Kifaa kilichokwisha kutumika kiliponunuliwa kilihesabiwa kwa bei iliyolipwa, au kwa bei ya kifaa kipya cha namna yake ikiwa hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Kilipotoka kiwanjani penyewe kilipewa thamani ya kifaa cha namna yake sokoni. Sababu yake ni wazi: tofali la kuchoma lililosafishwa huondoa haja ya kuchoma jingine, na kuni zake husalia msituni.

Mfano wa hesabu

Chama kinajenga ghala jipya kando ya lile la zamani. Vifaa vipya vimenunuliwa kwa Sh. 9,000,000. Yameokolewa matofali mazima 5,000, na tofali la namna hiyo sokoni ni Sh. 200, thamani yake ni Sh. 1,000,000. Jumla ya vifaa ni Sh. 10,000,000, na vilivyookolewa ni asilimia 10. Yakiandikwa sifuri, asilimia hiyo hupotea. Na matofali 500 yakihamia uwanjani kwa mtu, hakuna daftari litakalomuumbua. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Thamani si malipo

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Sh. 1,000,000 hiyo haikutoka katika sanduku la chama. Ikiingizwa katika daftari la fedha kama manunuzi, itahitaji hati ya malipo isiyo na muuzaji, na fedha za wanachama zitapata njia ya kutokea.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, zingatia haya:

1. Vifaa vihesabiwe siku ya ubomoaji mbele ya wajumbe, nao watie sahihi.
2. Vilivyovunjika visihesabiwe.
3. Idadi na thamani viandikwe katika leja ya ghala, si katika daftari la fedha.
4. Ujira wa kubomoa na kusafisha uandikwe kama malipo, lakini usiongezwe katika thamani ya vifaa.
5. Bei ya soko ithibitishwe kwa maandishi kutoka kwa wauzaji.

Maswali ya majadiliano

1. Chama chenu kilipobomoa jengo mara ya mwisho, mabati yake yaliandikwa wapi?
2. Mwanachama akiomba kununua matofali yaliyobaki, ni nani mwenye mamlaka ya kupanga bei?