Shairi la Kiswahili Katika Jukwaa la Hip Hop: Mizani, Vina na Sikio la Hadhira

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na ushairi kwanza kabisa kama somo la mtihani. Huhesabu mizani kwa ncha ya kalamu, hupigia mstari vina vya kati na vya mwisho, hutaja bahari, kisha hugeukia swali jingine. Huenda akahitimu chuo kikuu bila kulisikia shairi hilohilo likighanwa na mtu aliyelihifadhi moyoni. Wakati huohuo, vijana wa umri wake hukusanyika usiku katika kumbi za mitaa kusikiliza mashairi kwa hiari yao, wakiyashangilia na hata kuyakariri. Mashairi hayo huitwa hip hop, na aghalabu hayahesabiwi kuwa sehemu ya ushairi wa Kiswahili.

Pengo hili lina madhara. Mwanafunzi anayepanda jukwaani akiwa na tarbia aliyoiandika kwa uangalifu, akaisoma kutoka karatasini, mara nyingi hupigiwa makofi ya heshima tu. Mfokaji anayemfuata huitikiwa na ukumbi mzima. Mwanafunzi huyo hurejea akiamini kwamba arudhi imepitwa na wakati, au kwamba hadhira ya mjini haiwezi kukielewa Kiswahili sanifu. Makala haya yanadai kwamba hitimisho zote mbili ni potovu. Kanuni za arudhi zilibuniwa kwa ajili ya sikio, na zikirejeshwa kwenye sikio hufanya kazi vizuri sana hata juu ya mapigo ya ngoma ya kisasa. Kinachokosekana ni ujuzi wa uwasilishaji.

Sanaa Nyingi Katika Usiku Mmoja

Hip hop ilizuka katika mtaa wa Bronx, jijini New York, katika mwaka 1973. Tangu mwanzo ilihusisha sanaa nne: uchezeshaji wa sahani za muziki, ughani, uchezaji wa viungo na uchoraji wa grafiti ukutani. Kwa hivyo, si ajabu kuwakuta mchoraji, mchezaji na mghani katika ukumbi mmoja.

Nchini Kenya, kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilidhihirisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba ughani wa aina hii ungeweza kubeba Kiswahili chenye uzito. Wimbo wao "Tafsiri Hii" ungali unatajwa kila historia ya sanaa hiyo inaposimuliwa. Baadaye Ukoo Flani Mau Mau iliwaunganisha wasanii wa Nairobi na wa Mombasa. Jarida la Kwani?, lililoanza kuchapishwa mwaka 2003, liliandamana na usiku wa kipaza sauti huru. Mwaka 2006, British Council jijini Nairobi ilianzisha jukwaa la WAPI, ambapo washairi, wafokaji na wachoraji walikutana mara moja kwa mwezi. Jina hilo lilifupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "maneno na picha", lakini kwa masikio ya Mswahili lilikuwa pia swali la mahali.

Hata hivyo, mkutano wa ushairi na umati si jambo geni kwa Waswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi ya kujibizana yaliyopita midomoni mwa watu kabla ya kuandikwa. Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera nchini Tanzania, na diwani zake za Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Isitoshe, mfokaji anayejisifu na kumbeza mpinzani wake anatenda kile ambacho wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kwa jina la vivugo au majigambo.

Hata mgogoro maarufu wa wanamapokeo na wanamabadiliko unatukumbusha jambo hili. Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, alisisitiza kwamba shairi sharti liimbike. Kwa upande wa pili, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitetea ushairi usiofungwa na arudhi kwa kurejelea, pamoja na mambo mengine, mapokeo simulizi ya jamii za bara. Kambi hizo zilitofautiana kuhusu vina na mizani, lakini kila moja iliegemea sauti ya binadamu.

Mizani na Mapigo

Ili kuuona uhusiano huu kwa vitendo, na tuutazame ubeti ufuatao, uliotungwa mahususi kwa ajili ya makala haya:

Bomba limeshakauka, madumu yako foleni,
Mama tayari kafika, na mwana yu mgongoni,
Jua nalo lachomoka, tone halimo ndooni,
Nani wa kuwajibika, kwa kiu ya mtaani?

Huu ni ubeti wa tarbia wenye mizani 16 katika kila mshororo, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mapigo ya hip hop kwa kawaida huenda kwa mafungu ya mapigo manne manne. Mizani 16 zikigawanywa kwa mapigo manne, kila pigo hupata mizani nne kamili. Mshororo mzima basi hutoshea katika fungu moja bila kubakisha wala kupunguza.

Tuchukue mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, ambao ni wa kawaida katika muziki huu. Fungu moja huchukua muda unaokaribia sekunde 2.7. Mghani anayetia mshororo mzima katika fungu hilo hutamka mizani sita kwa kila sekunde. Huo ni mwendo wa kasi, unaofaa ghadhabu au dhihaka. Akiamua kutia kipande kimoja tu katika fungu, kasi hupungua hadi mizani tatu kwa sekunde, na ubeti hupata utulivu wa kutafakari. Ubeti uleule basi unaweza kughanwa kwa takriban sekunde 11 au 21. Mghani mzoefu huweza kuharakisha mishororo mitatu ya kwanza, kisha akaupunguzia mwendo mshororo wa nne ili swali liwafikie wasikilizaji.

Jambo jingine ni kimya. Mtunzi wa karatasini anapopungukiwa au kuzidiwa na mizani hukimbilia uhuru wa mshairi: hufupisha neno kwa inkisari au hulirefusha kwa mazda. Mghani wa jukwaani ana njia ya ziada, kwa kuwa pigo huendelea hata anaponyamaza. Mshororo wenye mizani 13 hauna kasoro masikioni ikiwa nafasi tatu zilizobaki zimeachwa wazi kwa makusudi, hasa baada ya neno zito. Hapa ndipo shairi huru nalo hupata nidhamu yake, maana urefu wa mishororo hutofautiana lakini mapigo hayabadiliki.

Vina na Mkazo

Kwa mujibu wa arudhi, vina vya mwisho vya ubeti uliotolewa ni "ni" na havina kasoro. Sikio, hata hivyo, husikia zaidi ya hayo. Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Hivyo katika "foleni" silabi yenye nguvu ni "le". Katika "mgongoni" ni "ngo". Katika "ndooni" ni "o". Na katika "mtaani" ni "a" ya pili. Silabi ya kina yenyewe hutamkwa kwa unyonge, na katika ukumbi wenye ngoma na minong'ono hufifia au humezwa kabisa. Kinachomfikia msikilizaji wa nyuma ni irabu yenye mkazo.

Ndiyo sababu wafokaji hodari hutafuta ulinganifu wa silabi mbili au tatu. Katika ubeti wetu, "mgongoni" na "ndooni" hulingana kwa "oni" na husikika kama jozi. "Foleni" na "mtaani" hulingana na jozi hiyo kwa macho kuliko kwa masikio. Mtunzi akibadilisha "madumu yako foleni" kuwa "madumu tele njiani", mizani hubaki 8, nao mpangilio wa sauti huwa "ani, oni, oni, ani". Mshororo wa nne sasa unaurejelea wa kwanza, na msikilizaji huhisi kwamba ubeti umefungwa. Gharama yake ni kwamba taswira ya foleni imepotea, nayo ilibeba wazo la kusubiri. Kuamua kati ya taswira na sauti ni kazi ya mtunzi, lakini hawezi kuamua ikiwa hajawahi kuusikia ubeti wake ukitamkwa.

Kipokeo na Hadhira

Msomaji wa diwani anaweza kurudi nyuma na kusoma tena. Msikilizaji hana fursa hiyo. Wazo lililompita limempita, na shairi la jukwaani sharti lipange marudio yake lenyewe. Kipokeo kilibuniwa kwa haja hiyo. Mghani akisema, "Nani wa kuwajibika", kisha akanyamaza kwa mapigo machache, hadhira inaweza kumalizia, "kwa kiu ya mtaani". Haitafanya hivyo katika ubeti wa kwanza, kwa sababu haijakijua kipokeo. Katika ubeti wa pili wachache wataitikia. Katika wa tatu, ukumbi mzima. Mtunzi anayebadilisha kimalizio katika kila ubeti hujinyima msaada huo.

Hadhira pia ni mhakiki wa papo kwa hapo. Minong'ono inayoanza katikati ya ubeti humweleza mtunzi mahali wazo lilipolegea, upesi kuliko maoni ya mhariri. Lakini ili aisikie hadhira, fanani anapaswa kuinua uso. Karatasi mkononi huyafunga macho yake na kuielekeza sauti sakafuni. Kuhifadhi shairi ni sharti la kwanza la utendaji. La pili ni kukizoea kipaza sauti, ambacho huzikuza sauti kama "p" na "b" hadi zikalipuka, hasa shairi linapoanza kwa neno kama "Bomba".

Suala la Lugha

Aghalabu hudaiwa kwamba jukwaa la hip hop ni milki ya Sheng. Ni kweli kwamba Sheng ina nafasi kubwa pale, na ina wepesi wake wa kuunda vina vipya. Hata hivyo, msamiati wa ubeti uliotolewa hapo juu ni wa kawaida, na hakuna mkazi wa mtaa wa Nairobi au Mombasa atakayehitaji kufasiriwa neno "bomba", "dumu" au "kiu". Ugumu huzuka pale mtunzi anapopachika msamiati wa kale ili aonekane mjuzi. Neno adimu linaweza kukubalika jukwaani ikiwa muktadha unalifafanua mara moja. Yakifuatana matatu, msikilizaji huachwa nyuma na harudi tena.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mizani, vina na kipokeo ni nyenzo za sikio, na kwamba jukwaa la hip hop ni mojawapo ya mahali ambapo nyenzo hizo zingali zinapimwa hadharani. Mwanafunzi anayezitupa kwa kudhani kwamba ni za kizamani huenda jukwaani mikono mitupu. Anayezikumbatia karatasini pekee huwa na jembe asilolilimia. Idara za Kiswahili zinaweza kuanza na hatua ndogo: kila shairi linalochambuliwa darasani lighanwe kwanza, na sehemu ya alama za kozi ya ushairi itolewe kwa uwasilishaji wa shairi lililohifadhiwa. Vyama vya wanafunzi navyo vinaweza kuwaalika wafokaji wa mitaa jirani, wao wafundishe mapigo na wanafunzi wafundishe bahari. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ushairi wa Kiswahili uko kwao katika kumbi hizi, na walioukariri kwa miaka minne ya chuo hawana sababu ya kubaki nje ya mlango.