Somo la 12: Kila neno mahali pake

Watoto, someni: sokoni – ndagala – mama – anauza. Maana yake nini? Hakuna. Sasa tuyapange: Mama anauza ndagala sokoni. Hii ni sentensi. Mtendaji ametangulia, kazi yake imefuata, kisha kitu, kisha mahali.

Siku moja mtoto wa Baraka alitoka ziwani mbio. Akaita: «Mvuvi amemkamata mamba!» Watu wakafurahi, wakaenda polepole kutazama. Mtoto akalia: «Sivyo! Mamba amemkamata mvuvi!» Ndipo wakashika mikuki, wakakimbia. Mvuvi akaokoka, lakini mguu wake uliumia sana.

Angalieni: maneno ni matatu, na ni yale yale. Mawili tu yalibadilishana mahali. Basi, kabla ya kusema jiulize: Nani anatenda? Nani anatendwa?

Zoezi. Panga maneno haya, uandike sentensi:
1. Fizi – baba – kesho – atakwenda.
2. mtumbwi – wavuvi – wanasukuma.
3. mtoto – amemwuma – mbwa.

Sentensi ya tatu yaweza kupangwa kwa njia mbili. Ziandike zote mbili. Katika kila moja, nani anahitaji dawa?