Mkono Wangu na Mionzi: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni seremala. Nilizaliwa Mombasa, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi zangu Leicester, Uingereza. Kiganja changu cha kulia kiliota kivimbe kigumu chini ya kidole cha pete, pale pale mpini wa patasi unapokaa. Maumivu yake hayakuwa makubwa, ila kilinikera kila nilipoisukuma randa kwa nguvu. Daktari wa mikono alikipapasa, akakivutavuta kidole, akaniambia ni maradhi ya Dupuytren. Jina hilo ni la mpasuaji wa Kifaransa, Guillaume Dupuytren, aliyeyafundisha mjini Paris mwaka 1831. Utando ulio chini ya ngozi ya kiganja hunenepa na kufanya vivimbe, na kwa baadhi ya watu hugeuka kamba inayokivuta kidole mpaka kikakunjika kisinyooke tena.

Si saratani, na hayaui. Kwa watu wa Ulaya ya kaskazini ni maradhi ya kawaida; Margaret Thatcher mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa mkono kwa sababu yake mwaka 1986, akiwa waziri mkuu. Kwetu Waafrika ni nadra, lakini wenye kisukari huyapata zaidi kuliko wengine, nami nina kisukari. Nikaambiwa kuna njia ya kuyazuia mapema: kuchomwa mionzi. Nilitaka kuelewa kabla ya kukubali, na katika kutafuta huko nimejifunza haya.

1. Uliza kwanza: nikiacha, itakuwaje?

Hili ndilo swali nililolibeba kwa kila daktari. Mtu akisikia kuna tiba, anaanza kuipima tiba na kusahau kuupima ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 uliwafuatilia wagonjwa 59 waliokuwa na vivimbe tu, kwa muda wa karibu miaka 9. Takriban nusu yao walifanya kamba. Waliofikia kuhitaji kisu walikuwa asilimia 9 tu, na kwa wengine wachache vivimbe vilinywea vyenyewe. Isitoshe, Dupuytren inayoandamana na kisukari mara nyingi huwa pole kuliko ile ya kurithi. Daktari aliponieleza hilo nilitulia, nikaanza kufikiri vizuri.

2. Mionzi ina wakati wake, na wakati huo hausubiri

Mionzi hailiondoi tatizo lililokwisha kukomaa. Inazipiga chembe hai zinazozaliana kwa kasi ndani ya kivimbe kichanga na kuzizuia zisitengeneze utando zaidi. Kamba ikishakomaa, chembe hizo zimebaki chache, na kilichopo ni nyuzi ngumu ambazo mionzi haina la kuzifanya. Kidole kilichokunjika hakinyooshwi na mionzi.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Ukichomwa mapema sana, huenda umekitibu kivimbe ambacho kingekaa kimya mpaka kufa kwako. Ukisubiri mno, mlango umefungwa. Ndiyo maana madaktari waangalifu huuliza kama kivimbe kimekua ndani ya miezi 6 hadi 12 iliyopita.

3. Tarakimu nzuri inataka kitu cha kulinganishwa nacho

Ujerumani ndiyo nchi iliyoyazoea haya. Huko kuchoma mionzi kwa maradhi yasiyo ya saratani ni jambo la kila siku. Utafiti wao mmoja wa mwaka 2010 uliangalia mikono 208 ya wagonjwa 135, kwa muda wa kati wa miaka 13. Asilimia 59 walibaki pale pale, asilimia 10 walipata nafuu, asilimia 31 waliendelea kuharibika. Waliochomwa wakiwa na vivimbe tu, kabla kidole hakijaanza kukunjika, walifanya vizuri zaidi: asilimia 87 hawakuendelea. Waliochelewa wengi wao hawakusaidika.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaribia kutia saini. Kisha nikaurudia ule wa Marekani. Kule hawakuchomwa chochote, na bado nusu hawakufanya kamba. Sasa katika ile asilimia 87, ni wangapi walisalimika kwa mionzi na ni wangapi wangesalimika hata bila ya mionzi? Utafiti wa Ujerumani hauwezi kujibu, kwa sababu haukuwa na kundi lililoachwa bila ya tiba. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliyaangalia mambo haya mwaka 2010 na tena 2016. Haikuona hofu kubwa ya usalama, lakini ilisema ushahidi wa manufaa hautoshi, na ikataka mgonjwa aelezwe hivyo waziwazi kabla ya kukubali. Naiheshimu sana kauli hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba jambo halijathibitika.

4. Hatari ni ndogo, lakini ni yako, si ya mtu wa wastani

Daktari wa mionzi alinieleza hatua kwa hatua. Anakipapasa kiganja, anachora mpaka wa kivimbe kwa kalamu na kuongeza ukingo kidogo, kisha bamba la madini ya risasi hukatwa tundu la umbo lile lile ili ngozi nyingine isiguswe. Mkono unalazwa chini ya mashine, na baada ya dakika chache umemaliza. Huhisi kitu. Dozi ya kawaida ni grei 30, zikigawanywa mara 10: grei 3 kwa siku tano mfululizo, mapumziko ya wiki 6 hadi 12, kisha siku tano nyingine. Grei ni kipimo cha mionzi inayomezwa na mwili. Nilimuuliza kama hiyo ni dozi ndogo. Akanijibu kwamba kwa miaka kadhaa Uingereza iliwapa wanawake wengi wenye saratani ya titi grei 40 kwa mara 15. Basi si dozi ya kuchezea, ingawa kwenye mkono inaishia karibu na ngozi na haifiki kwenye viungo vya ndani.

Madhara ya karibu ni wekundu na ngozi kukauka. Ya mbali, kwa mujibu wa wale Wajerumani, ni ngozi kavu au kuwa nyembamba kwa kama theluthi ya mikono. Kwenye karatasi yanaitwa madhara madogo. Kwangu mimi sikuyaona madogo. Ngozi yangu imekwisha kuwa kavu kwa kisukari, vumbi la mbao linaizidisha, na mkwaruzo wa msumari kwangu hukawia kupona. Kiganja kinachopasukapasuka kingenitoa kazini haraka kuliko kivimbe chenyewe.

Na saratani? Wale wagonjwa wa Ujerumani hawakuonekana kupata saratani iliyosababishwa na mionzi. Lakini saratani ya namna hiyo huchukua miaka mingi, pengine miongo, kujitokeza, kwa hiyo umri una uzito mkubwa. Mtu wa miaka 35 ana muda mrefu mbele yake wa hatari hiyo kujitokeza, na madaktari wengi husita kumchoma. Mtu wa miaka 65 hesabu yake ni nyingine kabisa. Mwambie daktari umri wako, maradhi yako mengine na kazi yako, umwombe akupimie kwa hayo.

5. Hofu ya nyumbani isikilizwe

Mamangu alipopigiwa simu na kusikia habari ya mionzi alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nambie kweli. Una saratani?" Nikamwambia, "La, mama, wallahi si saratani." Hakusadiki mpaka mke wangu alipoichukua simu na kumweleza upya.

Ana haki yake. Kwetu Afrika Mashariki mionzi ni tiba ya saratani, na mashine zenyewe zimekuwa chache. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika, na wagonjwa wa saratani wakabaki bila ya tiba hiyo nchini mwao. Wenye uwezo au msaada ndio waliovuka mpaka. Mimi nilikuwa nafikiria mashine ya aina hiyo kwa kivimbe kisichoua. Hilo halikuniamulia, kwa maana mashine ya Leicester haiwezi kumsaidia mtu wa Kampala, ila lilinifundisha kutofautisha kati ya ninachokihitaji na ninachoweza kukipata.

6. Bei ya hospitali ni mwanzo tu wa gharama

Hospitali binafsi hudai maelfu ya pauni. Huduma ya umma wakati mwingine hulipia, wakati mwingine hukataa, kutegemea unapoishi. Kwa mtu aliyejiajiri kama mimi ongeza nauli, siku za kazi zilizopotea, na wateja ambao hawatasubiri. Halafu yarudie yote hayo baada ya mapumziko, kwa zile siku tano za pili.

Mke wangu ndiye aliyeketi na kalamu. "Baba Salim," aliniambia, "pesa hizi ni karo za wale watoto wa dada yako Likoni. Kama mkono unazihitaji, tutatoa na Mungu ataleta nyingine. Lakini je, unazihitaji?"

7. Kusubiri hakufungi milango yote

Kidole kikianza kukunjika, ipo njia ya sindano: daktari huikata kamba kwa ncha ya sindano, mkono ukiwa umetiwa ganzi, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Upo pia upasuaji wenyewe wa kuuondoa utando. Aliyetibiwa kwa sindano hupona upesi lakini tatizo hurudi: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 ulikuta kwamba ndani ya miaka 5 lilikuwa limerejea kwa asilimia 85 ya waliotibiwa kwa sindano, na asilimia 21 ya waliopasuliwa. Upasuaji hudumu zaidi, na mtu hukaa wiki nyingi akiuguza mkono. Hakuna iliyo kamili, ila zipo.

8. Upime mkono wako mwenyewe

Wataalamu hutumia kipimo chepesi: laza kiganja mezani, tazama kama kinalala bapa. Mwislamu anakifanya kipimo hicho kila siku bila ya kujua. Katika sujudu viganja viwili vinalala juu ya msala, na kidole kinachoanza kupinda utakigundua hapo kabla ya daktari. Mke wangu alikuwa ananipiga picha ya kiganja kila mwanzo wa mwezi, na sarafu ile ile kando ya kivimbe ili ukubwa uonekane. Picha hizo nilizipeleka kwa daktari, akasema zimemfaa kuliko maelezo yangu yote. Hazikuonyesha kukua.

Kwa hiyo nimekataa mionzi kwa sasa. Kivimbe kikikua katika picha, au kiganja kisipolala bapa, nitarudi mara moja, na nikiambiwa bado ni mapema kiasi cha kufaa nitachomwa. Mwingereza mmoja niliyezoeana naye kwenye chumba cha kusubiri aliamua kinyume changu. Baba yake alipoteza matumizi ya vidole vinne, yeye mwenyewe ameshikwa mikono yote miwili, na vivimbe vyake vilikuwa vinakua mwaka hata mwaka. Alichomwa, na naamini alifanya sawa.

Nawe msomaji, ukipapasa kiganja ukakuta kivimbe kigumu, usikikande kwa mafuta ukitumaini kitayeyuka. Nenda ukaonwe na daktari wa mikono, na siku hiyo hiyo omba upimwe sukari.